Insha Yangu na Cheo cha Mama

Nyumba Namba 14,
Mtaa wa Nyuma ya Zahanati,
S.L.P. 212.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umelala vizuri kitandani kwako, si kwenye kile kiti cha chumba cha wauguzi unapoegemea kati ya zamu mbili. Goti linaendeleaje? Baba anasema usimdanganye kwenye simu kwamba limepona, kwa sababu anakusikia unavyoguna ukiinuka. Na ile baridi uliyotuambia inaingia mpaka kwenye meno, imepungua?

Sisi huku hatujambo. Mdogo wangu ameota meno mawili ya mbele, na sasa anacheka hata pasipo na cha kuchekesha ili dada yake na watu wote wayaone. Baba bado anatengeneza majokofu ya watu, na la kwetu bado linagugumia kama mzee anayepanda ngazi. Mama ni mzima wa mwili. Nasema wa mwili kwa sababu hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Picha uliyotuma ilifika, kona moja imekunjika lakini uso wako mzima. Bibi aliyeketi kando yako amekukamata mkono kama mtu anayeogopa kuachwa sokoni. Mama ameiweka juu ya kabati.

Shuleni nimekuwa wa tatu muhula huu. Hesabu zimenisumbua kidogo, sayansi imekwenda, na Kiswahili nimepata tisini na moja. Nakuomba usinipongeze kwa hiyo tisini na moja mpaka umalize kusoma.

Sasa Shangazi, vuta kiti.

Unakumbuka mwezi wa tatu mama alikuomba uwe mmoja wa wadhamini wake watatu, alipoomba kazi ya Mkuu wa Afya ya Jamii. Ulimjibu kwamba ungemdhamini hata kama angeomba kazi ya urubani, na tulicheka siku nzima. Bodi ya Ajira itakupigia simu kati ya tarehe 17 na 19, kwa sababu tarehe 20 wanakaa kuamua. Kabla hawajakufikia, nataka usikie kutoka kwangu nilichofanya. Nimekosa mara mbili. La kwanza nililifanya bila kujua, la pili kwa makusudi.

Wewe uliondoka zamani, kwa hiyo nieleze kwanza hali ya ofisi. Tangu Mkuu wa mwisho aliyethibitishwa alipostaafu, miaka sita iliyopita, kiti chake hakijapata mwenyewe. Kaimu wa kwanza alikaa miezi minne akahamishwa. Wa pili aliacha kazi akafungua duka la dawa. Wa tatu alikuja na mto wa kuegemeza mgongo, na alipoondoka mwaka uliofuata mto ndio kitu pekee alichobeba. Ndipo wakamwambia mama ashike kwa miezi mitatu wakati wanatafuta mtu. Miezi mitatu hiyo sasa ni miaka miwili na nusu.

Zamani nilidhani kaimu ni cheo. Sasa najua ni kufanya kazi mbili huku mkono mmoja umefungwa. Asubuhi mama ni afisa afya kama alivyokuwa, anakagua mabucha na vyoo vya shule. Mchana anaongoza watu thelathini na wanne. Anaweza kusaini likizo zao na taarifa za mwezi, lakini hawezi kusaini mpango wa mwaka, hawezi kuajiri, na hawezi kutoa amri ya kufunga mahali penye hatari. Hayo hupelekwa makao makuu na kusubiri. Wachanjaji wanafanya kazi kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu kwa kuwa hakuna wa kuwathibitisha, na wawili walio hodari kuliko wote wameshakata tamaa wakaondoka. Kuna kaimu wa chanjo, kaimu wa usafi na kaimu wa takwimu. Baba husema hata paka wa ghala la dawa anakaimu, ndiyo maana panya hawamheshimu.

Mama hajawahi kukalia kiti cha Mkuu. Hufungua kile chumba asubuhi kipate hewa, anafuta vumbi, anarudi kwenye meza yake ya zamani karibu na mlango. Nilipomuuliza kwa nini, alisema yeye si mtu wa kujaribu viatu dukani kama hana nia ya kununua. Lakini tangazo lilipotoka mwezi wa tatu, nilimwona akipiga pasi ile suti yake ya bluu mara mbili kwa siku moja. Anaitaka kazi hii, Shangazi. Hasemi, lakini anaitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akikitaka.

Sasa habari ya kisima. Mwaka jana, nyuma ya barabara ya mafundi cherehani, watoto kumi na mmoja wa shule ya chekechea walianza kuharisha ndani ya siku mbili. Maji yalipopimwa, kisima kilikuwa kimeingiwa na uchafu wa choo kilichopasuka. Mwenye kisima alikuwa anauza maji yale kwa ndoo, na alikataa kufunga. Alimwambia mama anajua sheria: alete amri iliyosainiwa na Mkuu, za makaimu atafungia maandazi. Mama alituma ombi makao makuu Alhamisi asubuhi. Alhamisi ikapita. Ijumaa mchana simu ya huko haikupokelewa tena, na mapumziko ya mwisho wa juma yalikuwa yanaanza.

Basi mama alipiga chapa amri mwenyewe. Chini, mahali palipoandikwa Kaimu Mkuu, alikata neno Kaimu kwa kalamu, akasaini, akagonga muhuri wa Mkuu uliokuwa umelala kwenye droo. Mwenye kisima akaisoma akamtazama.

“Umethibitishwa lini wewe?”

“Leo,” mama akasema.

Akakabidhi funguo. Kibali cha makao makuu kilifika siku tisa baadaye. Watoto wote kumi na mmoja walipona.

Mama alitusimulia haya siku hiyohiyo tukiwa mezani, na baba alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Kwa wiki nzima ukimuuliza baba jambo lolote, jokofu la mteja litakuwa tayari lini, soda imenunuliwa lini, anajibu kwa sauti ya mama: leo. Lakini mama hakucheka sana. Alisema mambo ya mezani kwetu hayavuki kizingiti. Nilisikia. Siwezi kujitetea kwamba sikusikia.

Mwezi wa nne mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa insha yenye kichwa “Kiongozi Ninayemheshimu”. Tunamwita Mwalimu Nukta, kwa sababu hawezi kuvumilia sentensi ndefu. Wenzangu waliandika kuhusu watu wa kwenye vitabu. Mimi niliandika kuhusu mama, kwamba ni shujaa, ana bidii, anajitolea. Mwalimu Nukta aliirudisha ikiwa na wino mwekundu pembeni: Shujaa kivipi? Mfano uko wapi? Nikakaa na daftari, nikafikiri mfano ulio bora kuliko yote, na nikaandika habari ya kisima. Niliandika yote. Neno lililokatwa, muhuri wa kwenye droo, na lile jibu la mama. Nilikuwa najivunia, Shangazi. Niliandika jibu lile kama mtu anayeweka ua juu ya keki.

Hiyo ndiyo tisini na moja.

Siku ya wazazi, tarehe 27 Aprili, insha tatu bora zilibandikwa ukutani. Mama hakuja, alikuwa kwenye chanjo. Mgeni wa heshima alikuwa Mwenyekiti wa Bodi ya Ajira, mzee mrefu mwenye sauti ya taratibu. Alisimama mbele ya insha yangu muda mrefu kuliko nyingine. Kisha akauliza nani ameiandika. Mwalimu Nukta akanisukuma mbele.

“Hii imetokea kweli, binti?”

“Kweli kabisa, mzee. Kila neno.”

“Naweza kupata nakala?”

Nilimpa ile ya ukutani. Niliibandua mwenyewe, taratibu ili isichanike. Niliporudi nyumbani niliwaambia nimesifiwa na mgeni wa heshima, na mama akaniuliza insha ilihusu nini. Nikasema ni siri, nitamsomea akipata kazi. Nilitaka iwe zawadi.

Usaili ulikuwa tarehe 28 Mei. Walioomba walibaki wanne, watatu wametoka mbali. Jioni ile mama aliingia akavua viatu mlangoni akaviacha vimelala ubavu, jambo ambalo hukataza hata mdogo wangu. Baba alikuwa jikoni, mimi mezani na vitabu. Hakunituma nje. Alisema nikae nisikie, kwa kuwa linanihusu.

Alisema usaili ulikwenda vizuri kwa nusu saa. Walimuuliza kuhusu chanjo, kuhusu maji, kuhusu kubakiza wafanyakazi, na akaona wawili kati ya wajumbe watano wakitingisha vichwa kukubali. Ndipo Mwenyekiti akatoa karatasi kwenye jalada lake, akaisoma kwa sauti. Mama alitambua mwandiko wangu akiwa ng’ambo ya meza.

Mwenyekiti hakuwa mkali. Mama anasema alikuwa kama mtu anayemfungulia mlango. Alimwambia, “Watoto hupenda kutia chumvi. Inawezekana binti yako alitunga hapa na pale?” Na wote watano wakangoja. Kilichohitajika ni mama aseme ndiyo. Neno moja tu, na karatasi ingerudi kwenye jalada kama kichekesho cha mtoto.

Mama alisema, “Mwanangu hakutunga. Nilikata lile neno, na nilisema vile.”

Baba akanitazama. “Kumbe tunaishi na redio humu ndani,” alisema, na safari hii hakuwa anatania. Mama akamwambia aache. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama Mwalimu Nukta ndiye aliyenichagulia mfano ule. Nikasema hapana, nilichagua mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kubadilisha nguo. Ningependa angenichapa, Shangazi. Badala yake aliniuliza kama nimekula.

Usiku sikupata usingizi, wala uliofuata. Kila nikifumba macho naona ule mlango Mwenyekiti aliomfungulia mama, na mama anakataa kupita kwa sababu ili apite ni lazima anikanyage mimi. Nikajiambia, kama yeye hataki kusema nimetunga, basi nitasema mwenyewe. Hili ndilo kosa la pili.

Alhamisi tarehe 30 niliandika barua kwa Bodi. Niliandika kwa heshima zote, YAH: INSHA YANGU, kama tulivyofundishwa. Nilisema habari ya kisima niliitunga ili nipate alama, mama hakufanya chochote kati ya yale, na alikubali tu kwenye usaili ili nisiaibike. Ilikuwa barua nzuri. Naona haya kukuambia kwamba niliisoma mara tatu nikaipenda.

Nikaipeleka masjala, pale zinapopokelewa barua zote na kutunzwa majalada. Karani wa pale tunamwita Mzee Muhuri, na ananijua tangu nikiwa nabebwa mgongoni. Aliniuliza kama namletea posa. Nikasema ni ya Bodi. Akagonga bahasha muhuri mwekundu wa IMEPOKELEWA, tarehe na saa, akaiandika kwenye rejesta, akaniambia nisalimie nyumbani. Nilitoka pale nikiwa mwepesi kama niliyetua kuni.

Wepesi ule ulidumu mpaka juzi Ijumaa. Nilikuwa natoka shule, Mzee Muhuri akaniita ng’ambo ya barabara, mahali anapong’arishiwa viatu. Aliangalia huku na huku kama mwizi wa kuku.

“Mimi sijakuambia kitu,” akaanza.

“Ndiyo, mzee.”

“Ile barua yako imefunguliwa. Wameniletea niiweke kwenye jalada la mama yako. Sasa jalada moja lina mama anayesema ni kweli na mtoto anayesema ni uongo. Unajua wakubwa wanasema nini kule ndani?”

Nikasema sijui.

“Wanasema mama aliingiwa na woga baada ya usaili, akamkalisha mtoto chini akamwandikisha. Wengine wanauliza, kama anaweza kumtumia mwanawe, atashindwa kumtumia nani?” Akanyanyua mguu wa pili. “Binti, ulitaka kuzima moto. Umeuzima kwa mafuta ya taa.”

Nilimuuliza kama mama ameshajua. Akasema hajui, na yeye si wa kumwambia.

Leo ni siku ya pili nalijua hili peke yangu. Tazama nilivyomfanyia mama. Alikataa kusema uongo mdogo ili asiniite mwongo, na mimi nikajiita mwongo kwa maandishi, na sasa mwongo anaonekana yeye. Wanaoamua hawakai naye nyumba moja. Wana jalada tu, na jalada nimelichafua mimi.

Namsikia uani anafua na mdogo wangu. Nimeamua nimwambie kabla ya chai ya jioni. Barua hii siifungi mpaka nimemwambia, la sivyo nitakuwa nimekuungamia wewe uliye mbali na kumkwepa aliye karibu. Naweka kalamu.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Shangazi, nimemwambia.

Alikuwa anakamua shati la baba. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuliachia, maji yakaisha kutiririka naye bado anakamua. Kisha akaanza kuniuliza maswali, moja moja, kama anayejaza fomu.

“Uliweka tarehe?”

“Ndiyo, mama.”

“Na sahihi?”

“Ndiyo.”

“Imegongwa muhuri?”

“Imegongwa.”

“Basi imeingia.”

Nikamwomba azungumze na Mzee Muhuri aitoe jaladani, kwa kuwa wanafahamiana. Hapo ndipo alipokasirika, kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze. “Wewe mtoto, karatasi ikishaingia haitoki. Hata iwe ya uongo mtupu. Leo nikitoa hii, kesho nani ataamini zilizobaki?” Akanieleza kwamba ofisini ukikosea hufuti. Unapiga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, unaweka sahihi pembeni, unaandika lililo sawa chini yake.

Kisha akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akaniambia jambo ambalo hakutusimulia siku ile mezani. Ile Ijumaa, baada ya kufunga kisima, alirudi ofisini peke yake. Kwenye jalada la maji akaandika kwamba ametoa amri bila kuwa na mamlaka, kwamba mwenye kisima alimuuliza naye akamjibu uongo, na sababu. Akaweka tarehe na sahihi. Maelezo yale yamekaa mle mwaka mzima, yeyote angeweza kuyasoma. Hakuna aliyefungua.

“Kwa hiyo nami nilidanganya,” alisema. “Sikukatalii. Lakini mimi wa kwangu nimeuandika. Wewe wa kwako umeuandika wapi?”

Alinionyesha nyumba kwa kidole, maana yake niende nikaandike.

Barua ya pili ilikuwa ngumu kuliko insha yoyote. Nilisema ile ya tarehe 30 ndiyo ya uongo, insha ndiyo ya kweli, niliandika peke yangu bila kutumwa, na mama hakujua mpaka Jumapili. Mistari saba. Nilimpelekea aisahihishe kama kawaida yetu, akarudisha mikono nyuma. Alisema akiisoma itakuwa yake. Ni mara ya kwanza maandishi yangu yanatoka nyumba hii bila mtu mzima kuyapitia, na mwandiko wenyewe ulikuwa unapepesuka.

Leo asubuhi tulikwenda pamoja. Mama alibaki kwenye benchi la nje, akaniambia nikiitwa ndani niende mwenyewe. Mzee Muhuri aliniona nikiwa na bahasha nyingine akashika kichwa. “Unataka kunimalizia wino?” alisema, lakini aligonga. Dakika chache baadaye Katibu wa Bodi akaniita. Ni mama mnene mwenye jozi mbili za miwani, moja machoni na nyingine juu ya nywele. Aliweka barua zangu mbili ubavu kwa ubavu.

“Hii ya kwanza nani alikutuma?”

“Hakuna.”

“Na hii ya leo?”

“Hakuna. Ila mama amesema niilete mwenyewe. Yuko nje kwenye benchi.”

“Ameisoma?”

“Amekataa.”

Aliangalia dirishani kama anayehakikisha benchi lina mtu. Akaniuliza kama yale ya kwenye insha niliyasikia kwa mama mwenyewe. Nikasema ndiyo, na nikamwambia kwamba mama aliyaandika pia kwenye jalada la maji siku ileile. Akabadilisha miwani. Akaandika kitu kwenye kipande cha karatasi, akamwita Mzee Muhuri akampa. Mzee Muhuri alipopita karibu yangu alikuwa anasoma midomo ikicheza, na nadhani nilimwona akisema “maji”. Sina hakika. Nakuandikia nilichoona, sitaki kutia chumvi tena maishani. Katibu aliniambia niende shule, nimeshachelewa kipindi cha pili.

Njiani nilimuuliza mama swali ambalo limenikaa kooni wiki mbili. Kama nisingeandika ile insha, angepata kazi?

“Huenda,” akasema.

Hakuniambia usijali, wala hakuniambia yote ni mapenzi ya Mungu. Tulipofika kwenye kona ya shule alinirekebisha kola akaenda kazini, na nilimtazama mpaka akaingia getini, kwa sababu leo kuna wachanjaji wanne ambao mikataba yao inaisha na yeye ndiye anayepaswa kuwaambia wangoje. Hilo “huenda” ninaishi nalo. Naona ni haki yangu kuishi nalo. Lakini nakuambia kweli, liliniuma vizuri kuliko faraja yoyote, kwa kuwa alinijibu kama mtu mzima.

Shangazi, kuna jambo la mwisho na ni la aibu. Jumapili usiku, baada ya kuandika barua ya Bodi, mkono ulikuwa bado una moto, nikachukua karatasi nyingine nikakuandikia majibu. Niliwaza maswali watakayokuuliza kuhusu mama, nikaandika chini ya kila swali maneno ya kuwaambia, yaliyopangwa vizuri, yenye mifano. Ukurasa mzima, mbele na nyuma. Nilitaka kuukunja ndani ya bahasha hii. Leo niliporudi kutoka shule niliusoma, na hapakuwa na uongo hata mmoja, lakini sauti haikuwa yako, ilikuwa yangu. Nimeuwashia jiko la chai.

Kwa hiyo bahasha hii ina barua tu. Nimeomba iende kwa njia ya haraka ili ikuwahi. Wakikupigia, usiwe kwenye zamu tafadhali, au ubaki na simu mfukoni. Uliishi na mama chumba kimoja chuoni miaka mitatu kabla hajawa wifi yako, unamjua kuliko Bodi na pengine kuliko mimi. Ukiona inafaa kusema kwamba alikosea kisimani, sema. Ukiona inafaa kusema mwanawe alimharibia, sema pia, nami sitanung’unika. Nimeshawawekea watu maneno mdomoni vya kutosha. Haya yatakuwa yako.

Baba anakusalimu, na ameanza tena kunitania, kwa hiyo nadhani nimesamehewa nusu. Mdogo wangu anakuonyesha meno. Mama anakusalimu sana. Anajua nimekuandikia, na hakuuliza nimesema nini. Nisalimie mjomba na wale pacha, umwambie pacha mdogo kwamba daftari lake la hadithi limefika na nitalisoma kwa makini. Msalimie na yule rafiki yako wa zamu anayekuwekea chai.

Mungu akutangulie kila unapoingia kazini na akufungulie mlango wa nyumbani kila unaporudi, na lile goti alishike kwa mikono miwili.

Mimi binti wa kaka yako, nikupendaye hata siku ambazo sistahili sana kupendwa.